Asubuhi Isiyo na Anga

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Asubuhi: ukungu mwepesi bondeni; upepo hakuna; mawingu sehemu mbili kati ya nane; jua lilitokeza saa moja na dakika tano.

Pacha wangu,

Barua yako ya mwezi uliopita ilifika ikiwa imeloa pembe moja. Niliisoma mara mbili, kisha nikaigeuza nikausoma na upepo wako. Uliniandikia nyuma ya karatasi ya kipima upepo ya Januari, na ule mstari wa wino wa buluu unaonyesha kwamba alasiri moja huko mlimani upepo ulipanda ghafla, ukatulia, ukapanda tena, kama mtu anayetaka kusema jambo akaghairi. Sijui kama watu wa kazi nyingine wanapata barua za namna hii. Chuoni tulifundishwa kwamba karatasi ya kituo haitupwi mpaka imejaa pande zote mbili, na wewe, ambaye hukushika mafunzo mengine yoyote, hilo umelishika.

Mama hajambo. Anauliza kama unakula. Nimemwambia una paka anayekuangalia.

Sasa jambo lenyewe, na kwa kuwa simu haijafika huko kwenu, na redio ya kituo ni ya namba za hewa tu, itabidi lisubiri posta. Wiki iliyopita Mama Puto alikwenda makao makuu kufuatilia mafao yake, maana anastaafu mwisho wa Juni. Unamkumbuka: ndiye anayejaza gesi na kurusha puto la vipimo kila siku saa tano, na kabla ya kuliachia hulinong'oneza, "Nenda mwanangu, ukawasalimie walio juu." Akiwa amekaa kwenye benchi, karani mmoja alimwambia kwa sauti ya chini kwamba waangalizi wa hewa wanaume wa Daraja la Pili wanalipwa zaidi ya waangalizi wanawake wa daraja hilo hilo. Tangu zamani. Kila mtu pale juu anajua.

Mama Puto alirudi akatusimulia chumbani mwa ramani. Akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikirusha puto la bei nafuu?"

Tulicheka. Halafu hatukucheka.

Wewe na mimi tulizaliwa siku moja, nikakutangulia dakika ishirini. Tulikaa dawati moja, tukafanya mtihani mmoja, tukaajiriwa tarehe moja kwa barua mbili zilizopigwa chapa kwa mashine moja, miaka tisa iliyopita. Kila saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu, saa sita na saa tisa, wewe huko na mimi huku tunatoka nje dakika ile ile, tunainua vichwa, tunaligawa anga sehemu nane na kuhesabu ni ngapi zimefunikwa na mawingu. Mara nyingine nikiwa nimeinua kichwa nahisi kama kuna mtu ameshika upande wa pili. Kama kuna watu wawili duniani wanaofanya kazi moja, ni sisi.

Kwa hiyo nakuomba uniambie, kaka, bila kuzunguka, unalipwa kiasi gani. Hapa tuko wanawake wanne na wote wanakusubiri.

Dada yako mkubwa,
Daftari


Tarehe 11 Machi. Nadhani ni Jumanne.
Anga: zuri. (Najua hutaridhika. Basi: jeupe, kama maziwa yaliyotiwa maji.)

Daftari wangu,

Makarani wa makao makuu wana mdomo kuliko kazi. Mimi napata kama unavyopata wewe, labda na kaposho kadogo ka baridi kwa ajili ya mlima. Mwambie Mama Puto astaafu kwa amani. Habari ya mishahara tuiache, inachosha kichwa.

Nikusimulie kitu cha kweli. Jumapili asubuhi sikuamka. Sisemi nilichelewa, nililala moja kwa moja kama gunia. Niliota tuko nyuma ya nyumba, na Mama anakunja anga kama mtu anayekunja shuka. Alilikunja mara ya kwanza likawa nusu, mara ya pili likawa robo, mara ya tatu likawa sehemu nane. Lilikuwa zito na lenye unyevu, na lilikuwa na harufu ya pasi. Akaniambia, "Shika hapo, usiliburute chini." Nikashika. Kwenye mkunjo wa juu kulikuwa na vijiwingu vyeupe, vyembamba, vimepangwa kama mishono. Sijawahi kuona anga zuri kiasi kile tangu nianze kazi hii, na hata kabla.

Kilichoniamsha ni redio. Ilikuwa saa moja kasoro robo. Makao makuu wanaita, "Kituo cha mlimani, asubuhi yenu iko wapi?" Pacha wangu, nikawapa ile ya ndotoni. Mawingu meupe ya juu, sehemu tatu kati ya nane, upepo mwanana wa mashariki. Joto nalo nikalibuni. Nikaandika kwenye rejista na sahihi nikatia. Nilipotoka nje jua lilikuwa limekwisha panda na asubuhi yenyewe ilikuwa imeondoka.

Hakuna anayejua ila paka. Unakumbuka yule bwana wa kituo cha ziwani aliyebuni vipimo vya siku moja. Hakumaliza wiki kazini. Ndege zinaruka kwa maneno yetu, walimwambia, na kweli zinaruka. Kwa hiyo barua hii ukishaisoma ichane. Nimekwambia kwa sababu siwezi kukaa na kitu peke yangu, unanijua.

Wako,
Wingu


Jumanne, tarehe 18 Machi
Asubuhi: anga jeupe kabisa, mawingu hakuna, umande mwingi, upepo dhaifu wa kusini.

Kaka,

Nilicheka ile shuka ya Mama mpaka machozi yakanitoka. Kisha, kwa mazoea, nikaigeuza barua nione upepo wako wa siku gani.

Hapakuwa na upepo. Palikuwa na hati yako ya mshahara ya Februari.

Mwangalizi, Daraja la Pili. Tarehe ya kuajiriwa ni ile ile yangu. Nilichukua hati yangu nikaziweka mezani bega kwa bega, na nikapitisha rula mstari hadi mstari kama nifanyavyo na rejista. Posho ya baridi haipo. Hakuna posho yoyote. Ni mshahara tu, na wangu ni pungufu kwa robo nzima.

Kwa hiyo wewe unalipwa kuangalia sehemu zote nane za anga, mimi nalipwa sita. Tangu siku hiyo nikitoka nje asubuhi nasimama kwenye majani yenye umande, nainua kichwa, najiuliza ni sehemu zipi mbili ninazoziangalia bure. Zote zinafanana. Zote zina mwanga.

Nilikwenda kwa Mkuu wa Kituo chetu. Sikumwonyesha karatasi, nilimtajia namba tu.

"Nani kakupa hizo?"

"Zipo, Mkuu."

"Mwanamume ana familia ya kulisha."

"Pacha wangu ana paka, Mkuu."

"Paka naye anakula," akasema.

Nikamwambia kwamba mama yetu ni mmoja, na anakula kwangu. Akasema hayo ni mambo ya nyumbani, hayaingii kwenye daraja la mshahara. Nikasema na mimi naona hivyo hivyo. Akaniambia nifunge mlango nikitoka.

Kuna Kamati ya Malalamiko ya Watumishi, inakaa katikati ya Mei. Tumeandika shauri, sahihi nne. Nakuomba unitumie hati zako za nyuma, chache tu, na ruhusa ya kuzitumia. Barua yako sijaichana. Mimi sijui kuchana karatasi. Nimeihifadhi.

Hujaniuliza kama nimekasirika, kwa sababu hukujua kwamba hati nimeiona. Nitakujibu ukiuliza.

Daftari


Tarehe 27 Machi
Anga: sikulitazama vizuri leo, nisamehe.

Dada,

Karatasi zilituishia. Nilinyoosha mkono kwenye rundo nikachukua ya juu, sikuangalia nyuma. Miaka tisa tunaandikiana kwa namna hii, na siku moja tu sikuangalia nyuma.

Nimejua tangu mwaka wa tatu. Kwenye ile semina ya vipima mvua, mezani, jamaa wawili walilinganisha hati zao na ya msichana mmoja aliyekuwa ameiacha kwenye kitabu chake. Walicheka. Mimi nilikunywa chai. Nikasema nitakuandikia kesho. Kesho yake kunyamaza kulikuwa rahisi kidogo, na keshokutwa rahisi zaidi, mpaka ikawa kama sijui. Halafu Mama alikuwa akiwaambia watu, "Mwanangu wa mlimani anapata vizuri." Uliwahi kuniandikia hivyo mwenyewe. Nilipenda kusikia.

Lakini hati siwezi kukupa. Kuna waraka: anayemwonyesha mwenzake hati ya mshahara anaadhibiwa. Na Mkuu wangu anaondoka Juni. Jina langu ndilo limependekezwa kukalia kiti chake. Mimi, Wingu! Mkuu wa kituo! Nilitaka kukushtua nikishapata barua yenyewe. Miezi mitatu tu, dada. Nikishakaa pale nitasema kwa sauti kubwa, nakuahidi.

Na ile karatasi nirudishie. Upande wa pili unajua kuna nini. Najua ukihifadhi kitu hata mchwa hakioni, lakini nitalala vizuri kikiwa mkononi mwangu.

Umekasirika?

Wingu


Jumamosi, tarehe 5 Aprili
Asubuhi: mawingu mazito sehemu saba kati ya nane, ngurumo mbali, upande wa magharibi, mvua haijafika.

Kaka,

Ndiyo.

Na mimi nina la kukiri. Nilipokuandikia tarehe 18 kwamba nimeihifadhi karatasi, sikukwambia yote. Tarehe 17 nilikuwa nimetoa kopi ya upande wa mshahara na kuipeleka kwenye Kamati, jina lako nikilifunika kwa kipande cha karatasi. Nilijiambia kwamba kopi si karatasi. Kwa hiyo usidhani wewe peke yako ndiye unayejua kunyamaza.

Jana Katibu wa Kamati aliniita. Ni mama wa makamo, miwani yake ina kamba shingoni. Aliinua kopi ile dirishani. Wino wako mzito ulikuwa umepenya; nyuma ya namba zote kulikuwa na vivuli vya mistari, kama matawi ndani ya ukungu.

"Nyuma ya hii kuna maandishi."

"Ni barua ya nyumbani, mama."

"Mkuu wako ametuandikia kwamba namba umezibuni. Kamati haiwezi kupokea nusu karatasi yenye jina lililofunikwa. Niletee yenyewe, nzima, kabla ya tarehe 10 Mei. Bila hivyo shauri linafutwa, na haliwezi kuletwa tena."

Akanirudishia kopi. Kisha akasema, taratibu, bila kunitazama, "Na mimi ni Daraja la Pili, mwanangu."

Mambo yako hivi, basi. Karatasi ninayo, mbele na nyuma. Siwezi kupeleka mbele bila nyuma. Wenzangu wamejua ipo, ila hawajui nyuma yake kuna nini. Yule mwenzetu mwenye mtoto mchanga, anayemlaza kwenye droo ya ramani akiwa zamu, ananiuliza kila siku kama nimeipeleka.

Nijibu upesi utakachofanya.

Daftari


Tarehe 14 Aprili
Anga: limefunga.

Daftari,

Nimeelewa. Hukuhitaji kuandika kwa adabu kiasi kile. "Karatasi ninayo, mbele na nyuma. Nijibu upesi utakachofanya." Watu walioshikana koo ndio huandikiana hivyo.

Sitafanya kitu. Peleka. Nitateremka na paka wangu na sanduku moja, na Mama atauliza mbona nimerudi, na wewe utamsomea tarehe na saa.

Usiniandikie mpaka iwe imekwisha.

(sina haja ya kutia jina)


Jumanne, tarehe 22 Aprili
Asubuhi: mvua ndogo isiyopimika, ilitosha tu kulowesha majani, mawingu sehemu nane kati ya nane.

Pacha wangu,

Nakuandikia ingawa umenikataza.

Nilipopata barua yako nilikwenda kutazama shajara yangu. Tarehe 5 Aprili imeandikwa hivi: "Nimemwomba Wingu ushauri. Sijui la kufanya." Ndivyo nilivyodhani nimekuandikia. Nimeisoma upya nakala ya barua ile na naona jinsi ulivyoisoma wewe. Mimi nikiwa na hofu huandika kama rejista. Ulipaswa kulijua hilo, na mimi nilipaswa kukumbuka kwamba huoni uso wangu.

Karatasi yako imo ndani ya bahasha hii. Usiichane. Lakini ni yako.

Ilibidi niwaambie wenzangu. Sikuwaambia ulichofanya, nilisema tu kwamba ikipelekwa nzima ndugu yangu atafukuzwa. Mama Puto alikuwa anafunga mdomo wa puto. Akauacha, gesi ikaanza kutoka.

"Umerudisha? Umechukua robo ya mshahara wangu ukaitia kwenye bahasha ukaibandika stempu?"

"Ni pacha wangu, Mama Puto."

"Pacha, pacha! Na mimi nilizaliwa na nani, na jiwe?"

Yule mwenye mtoto hakupandisha sauti. Alisema tu, "Na mwanangu je, yeye si ndugu wa mtu?" Siku mbili Mama Puto hakunisemesha. Siku ya tatu upepo ulizidi, puto likamvuta hatua tatu uwanjani, na bila kugeuka akaniita, "Wewe! Njoo ushike!" Nikashika kamba. Tulisimama pale wawili tumeinua mikono, puto linatuvuta kana kwamba lina safari ya dharura, na kwa muda kidogo visigino vyangu havikuwa chini. Sikutamani kuachia.

Nisikufiche. Kosa la kulala ni lako. Mshahara mdogo ni wetu. Sikuona haki ya kuuza kimoja ninunue kingine bila wewe kusema ndiyo. Lakini hiyo miaka sita uliyokunywa chai, hiyo nina hasira nayo, na sijui itaisha lini. Kila Disemba katika miaka hiyo ulinitumia kalamu mpya. Nilifikiri ni mapenzi. Sasa najiuliza kama ilikuwa ni ile robo.

Shauri linafutwa tarehe 10 Mei.

Dada yako,
Daftari


Jumatano, tarehe 30 Aprili
Asubuhi: mawingu sehemu tano kati ya nane, nimehesabu mara mbili, upepo wa kaskazini-mashariki, joto la saa kumi na mbili nyuzi kumi na moja, nimelisoma mwenyewe, nikiwa macho.

Dada yangu,

Ilikuwa mapenzi na ilikuwa robo. Sijui kuvitenganisha, nisikudanganye tena.

Nilikaa na karatasi siku mbili. Niliisoma upande wangu, nikaisoma upande wa mshahara, nikaigeuza tena. Usiku wa kwanza nikaota tunatandika lile anga, wewe umeshika ncha mbili na mimi nimeshika mbili. Ukawa unavuta na halifiki kwako. Unavuta, halifiki. Nikakuuliza, "Kwani limenasa wapi?" Nikatazama chini, nikaona nimelikalia.

Jana asubuhi nilifungua rejista ukurasa wa tarehe 9 Machi. Unajua kanuni yetu: kilichokosewa hakifutwi kwa kifutio. Kinapigwa mstari mmoja mwembamba ili kiendelee kusomeka, na juu yake kinaandikwa kilicho sahihi. Nikapiga mstari juu ya mawingu yangu matatu. Nikaupiga juu ya upepo wa mashariki. Kisha kalamu ikaning'inia hewani, maana kilicho sahihi sikijui. Hakuna anayekijua. Asubuhi ile ilipita juu ya mlima huu mzima, na rangi zake, na ndege wake, na hakuna aliyeinua kichwa kwa niaba ya mtu yeyote. Nikaandika: "Haikuangaliwa. Mwangalizi alikuwa amelala." Nikatia sahihi na tarehe.

Nikampelekea Mkuu. Alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Ungenyamaza wiki sita ungekalia kiti hiki."

"Najua, Mkuu."

"Leo umeamka saa ngapi?"

"Saa kumi, Mkuu."

"Sasa ndio unaamka," akasema, na akanisogezea redio ili makao makuu waambiwe. Niliwaambia mwenyewe. Sauti upande wa pili ikasema, "Kituo cha mlimani, rudia." Nikarudia.

Kwa hiyo nyuma ya karatasi hakuna siri tena. Nakurudishia, peleka yote. Nimeambatanisha na hati zangu nyingine, kila niliyoipata chini ya godoro na ndani ya vitabu, na maelezo ya ukurasa mmoja kwamba nimezitoa kwa hiari na waraka naujua. Kwenye baadhi ya hati nimemchora paka. Mwombe radhi Katibu. Bahasha anaileta dereva wa lori la gesi, haitasubiri posta ya wiki. Ameahidi kuiweka mkononi mwako.

Mama nimemwandikia mwenyewe. Usimsomee, ana miwani yake.

Pacha wako,
Wingu


Jumamosi, tarehe 17 Mei
Asubuhi: mawingu membamba ya juu, sehemu moja kati ya nane, upepo hakuna, moshi wa majirani ulipanda wima.

Pacha wangu,

Dereva alifika tarehe 4. Nilipeleka bahasha tarehe 5, saa mbili na nusu, kabla ofisi haijafunguliwa. Katibu alinikuta mlangoni.

Kamati ilikaa Jumatano. Chumba kina meza ndefu, feni inayogonga kila ikizunguka, na glasi za maji zilizofunikwa visahani. Mkuu wa Kituo chetu alisema namba ni za kubuni. Katibu akaziweka hati zako mezani moja moja, mia moja na tatu, paka kadhaa wakiwemo. Alipofika katikati Mkuu alikuwa ametazama dirishani.

Kisha Mwenyekiti akaisoma ile karatasi kwa sauti. Upande wa mshahara alimaliza haraka. Upande wa pili aliuanza haraka pia, kisha akapunguza. Alipofika pale Mama anapokunja mara ya tatu, mwandishi wa kumbukumbu aliacha kuandika. Feni iligonga peke yake. Mama Puto alikuwa amefumba macho. Baadaye aliniambia aliwahi kuota hivyo hivyo, ila kwake lilikuwa puto.

Mwenyekiti akanigeukia. "Na wewe, umewahi kulala zamu?"

"Hapana."

"Umejuaje kwa hakika, miaka tisa?"

Nikamwonyesha shajara. Alifungua ya mwaka wa pili, akafungua ya mwaka jana, akasoma mistari michache ya asubuhi, akafunga.

Mkuu wetu akadakia, "Huyu ni mchapakazi, hilo sikatai. Vipimo vyake ni sawa na vya mwanamume yeyote."

"Sawa?" akauliza Katibu.

Mkuu akanywa maji.

Uamuzi ulisomwa jana. Kuanzia tarehe 1 Juni, waangalizi wote wa Daraja la Pili, mshahara mmoja, vituo vyote. Miaka ya nyuma walisema hawana mamlaka nayo. Yule mwenye mtoto aliomba usomwe tena, taratibu, na ukasomwa. Mama Puto anastaafu tarehe 30 Juni. Alihesabu kwa vidole, akafika kidole kimoja.

"Mwezi mmoja," akasema. "Basi nitautumia polepole."

Tulitoka nje. Hakuna aliyeshangilia. Tulisimama kwenye ngazi kama watu walioshushwa mahali wasipopajua, na mwanga ulikuwa mwingi mno.

Barua yako ya adhabu utaipata kutoka makao makuu, lakini nakala nimeiona, na ni heri uisikie kwangu. Kwa kulala umepewa onyo. Jina lako limeondolewa kwenye ukuu wa kituo. Na umeshushwa Daraja la Tatu kwa mwaka mmoja, lakini hilo halikuandikwa kuwa ni kwa sababu ya kulala. Limeandikwa: kwa kuonyesha hati ya mshahara kinyume cha waraka. Maana yake ni kwamba kuanzia Juni, saa kumi na mbili asubuhi, tukitoka nje wewe huko na mimi huku dakika ile ile, mimi nitakuwa nakuzidi. Nilikuwa nikidhani siku kama hiyo ningecheka.

Sijaweza. Jana jioni nimeandika rufaa. Inasema kwamba waraka unaokataza watu kuonyeshana mishahara ndio uliotuficha muda wote huu, na kwamba aliyeuvunja asiadhibiwe na Kamati ile ile iliyonufaika na kuvunjwa kwake. Ina vifungu saba. Kimoja alikiongeza Mama Puto, na nimekiondoa kwa sababu ya lugha. Yule mwenye mtoto alikuwa wa kwanza kutia sahihi. Alinipokonya kalamu tu. Hasira yangu haijaisha. Lakini ni yangu na wewe, na makao makuu haiwahusu.

Mama alisoma barua yako kwa miwani yake. Hakuniambia umeandika nini. Leo amezitoa shuka zote kabatini, akazifua, na bado anazikunja ninapokuandikia haya.

Saa tisa zamu ni ya Mama Puto. Nimevua viatu nilale.

Dada yako,
Daftari

Jioni: nililala saa nane na dakika ishirini mchana.